Njia ya Kiti cha Shaib

Kijiwe cha Ushongo kiko pale barabara ya vumbi inapokoma na mchanga kuanza, kando ya birika la Hamad, Mpemba muuza kahawa. Wenzake humwita Rubani, kwa kuwa aliwahi kupanda ndege mara moja, Pemba hadi Tanga, na hajaacha kuisimulia. Benchi ni gogo la mnazi, lakini Shaib halikalii. Yeye alikuwa mkwezi wa minazi, akaporomoka kutoka kileleni, na huu mwaka wa tano yumo kwenye kiti cha magurudumu. Kiti hicho kikigusa mchanga kinazama, basi yeye hubaki barabarani, hatua tatu kutoka kwa wenzake, na kikombe chake hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kimfikie kimepoa. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja: mradi umekuja kujenga njia ya watu wenye ulemavu, hatua mia tatu basi, ielekee popote kijiji kitakapochagua. Fundi alikuwa njiani kuja kupima. Shaib alijua anakotaka kwenda. Mkewe, Harusi, alizikwa mwaka juzi nyuma ya minazi, na hawakujaliwa mtoto. Siku ile wanaume walibeba jeneza wakamwacha yeye hapa hapa, maana mchanga ulikataa kiti na mgongo wake ulikataa kubebwa. Kaburi hajaliona mpaka leo. Ila kulitamka hilo mbele ya watu waliomzikia mke alikuwa akiona haya.

— Iende ufukweni, alisema Miraji, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kukoroga zege la daraja siku kumi na moja. Zege tupu. Upana mita sita.

— Sita za nini, yakhe? Shaib ni mmoja, alisema Rubani.

— Na akikutana na mwenye kiti mwingine anakuja? Wapishane wapi?

— Zege likipigwa na jua litamkaanga. Mie nasema tulaze magogo ya minazi, tumsukume juu yake kama tunavyopandisha mashua.

— Na pale penye kilima?

— Pale tunafunga kamba, mnazi hadi mnazi. Kiti kinaning'inia, mtu anapita juu kwa juu mpaka baharini. Shaib si mgeni wa huko juu.

— Tatizo langu ni kushuka, alisema Shaib.

Walicheka, naye akacheka, kisha akajuta, kwa sababu kicheko kiliwapa nguvu. Injinia sasa alitaka kamba iendeshwe kwa mota. Rubani alitaka bawa kila upande wa kiti. Walikuwa wakimpenda, hilo hakulitilia shaka. Ndio waliomletea samaki, ndio waliomsukuma mvua ikinyesha. Lakini hakuna aliyegeuza shingo kumuuliza anataka kwenda wapi, na upweke huo ulimuuma kuliko mgongo.

Akatokea kijana mwenye futi kamba mkononi. Alijitambulisha: Robert, fundi wa njia, ametoka Muheza.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Hakukaa kwenye gogo. Alichuchumaa barabarani mbele ya Shaib, akaomba ruhusa, akapima kiti gurudumu hadi gurudumu.

— Sentimita sitini na nane. Mita moja na nusu itakutosha, mzee. Changarawe iliyoshindiliwa, mteremko mdogo, na mahali pa kugeuzia. Sasa wewe unataka ikufikishe wapi?

Shaib alinyoosha kidole kuelekea minazi.

— Makaburini. Kwa mke wangu.

Wawili wale waliinamia vikombe vyao.

— Hilo jambo la heri, Rubani alisema polepole. Na sisi kila Ijumaa tunampitia, tunamsomea. Si huwa tunakwambia?

— Mnaniambia. Mungu awalipe.

— Vizuri, alisema Robert. Basi nielekezeni kaburi lenyewe, nijue njia iishie wapi.

Rubani alimtazama Injinia, na Injinia alimtazama Rubani.

— Liko kule penye mwarobaini, alisema Injinia.

— Mwarobaini? Si upande wa ukutani?

— Mimi nilidhani wewe ndiye unayelijua. Palikuwa na kijiti cha alama.

— Kijiti kilikwenda na mvua za masika.

— Sasa ni lipi, wazee? aliuliza Robert.

Shaib akaelewa. Ijumaa zote zile walikuwa wakisimama langoni mwa makaburi, wakiwasomea maiti wote kwa pamoja, kila mmoja akiamini mwenzake anajua Harusi amelala wapi, kisha wanarudi kumletea yeye habari. Alitafuta hasira hakuiona. Aliona tu kwamba kwa miaka miwili mkewe amekuwa peke yake kama yeye.

— Shaib, alianza Rubani, sisi hatukukusudia...

— Humo ndani makaburi mangapi?

— Arobaini hivi. Labda na zaidi.

Shaib alimgeukia fundi.

— Basi iingize ndani, mwanangu, uizungushe kote. Nitawasalimia wote. Mmoja wao atakuwa yeye.