Boksi la Ndola Lisipande Ipogolo

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mama Seni kaa hapa miguuni pangu, maana sauti iliyokuwa ikimwita utingo kutoka upande wa pili wa lori leo haifiki hata mlangoni. Mlango wenyewe uacheni wazi. Nyumba hii ya Ilomba ina giza kuliko nilivyoijenga. Mtani wangu Kalinga ameshafika kutoka Iringa, namwona pale kwenye kona amekalia debe kama mtu aliyekuja kurithi. Kamwene, mtani. Usinijibu kwa maneno marefu, leo zamu ni yangu. Sikilizeni nyote, kwa kuwa haya sitayarudia, na kwa kuwa mimi Ndalahwa, niliyewachekesha watu kuanzia Shinyanga mpaka Zambia, nina hofu, na hofu yenyewe si ya kaburi peke yake.

Naogopa Jumamosi. Naogopa ile barabara ya zamani ya vumbi inayotoka Ipogolo ikipanda mjini Iringa, ambayo Seni ataipanda na Punda wetu kwenye mashindano, na naogopa kile kiboksi cheusi alichokifunga kwenye injini.

Mama Seni, umetuona miezi yote hii pale uani tukipaka grisi hata vikombe vyako, ukatuuliza tunabishania nini, nasi hatukukujibu kama mtu anavyostahili kujibiwa nyumbani kwake. Nakujibu leo. Punda ni pikipiki tuliyoikata na kuipa miguu minne. Tumeitanua silinda, tumekikwangua kichwa chake, tumeifungia kabureta ya gari, mpaka chombo kilichotengenezwa kumbeba katekista sasa kinataka kuruka. Injini ya namna hiyo haiendi bila cheche ya kuchoma petroli, na cheche huja kwa zamu, kwa kazi ya platini, vyuma viwili vidogo kama kucha za mtoto, vinavyofunguka na kufunga, vinavyofunguka na kufunga. Hivyo ndivyo vilivyokuja na injini kutoka kiwandani. Seni amevitoa. Mahali pavyo amefunga boksi alilolipata kwa dereva wa Ndola, na kwa boksi hilo akamtoa mtamba wake mwenye baka jeupe, yule niliyempa aanzie mahari. Boksi hilo halina kinachofunguka wala kinachofunga. Limezibwa kwa kitu kama lami, na hakuna fundi hapa Mbeya aliyewahi kuona tumboni mwake mna nini.

Sasa nisiseme uongo nikiwa nimeshafika karibu na kwa Mungu: boksi ni zuri. Nimelisikia nikiwa humu kitandani. Platini, injini ikizidi mbio, inashindwa kuifuata, inaanza kumisi, cheche inaruka zamu, inakuambia bwana, basi. Boksi halisemi basi. Unaifungua petroli, na Punda anapanda sauti, anapanda tena, mpaka bati za jirani zinalia. Seni yuko sahihi, litamshinda kila mtu. Ndiyo maana naliogopa. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nimeshakiona kidonda chake.

Mwaka jana, pale Ipogolo, nilikuwa nimesimama kwenye ile kona ya mawe, palipo na bonde chini, na kanga ya mama yenu mkononi nikimpungia kila apitaye. Akaja Sedekia, kijana wa hapa hapa Mbeya, mlimjua, mtoto mpole, mwenye boksi kama hilo. Alikuwa wa kwanza, kawaacha wenzake mbali. Injini yake inaimba kama nyuki. Kisha kimya. Hapakuwa na kukohoa wala kusitasita, kimya tu, pale pale penye mwinuko mkali, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mimi nikacheka, nilidhani anatutania. Chombo kikaanza kurudi nyuma, polepole kwanza. Breki za kujiundia tunazijua sisi wenyewe, zinazuia kwenda, hazizuii kurudi. Aligeuza shingo akanitazama. Wanangu, ule uso ninalala nao, naamka nao, uko pale ukutani penye kalenda sasa hivi ninapowaambia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa nikiusema msemo huo kuwachekesha watu, sikujua ukingo wenyewe ungekuwa ule.

Na sikilizeni la kutisha zaidi. Kesho yake mafundi tukaliokota lile boksi bondeni tukalipima. Likatoa moto wa bluu, mzuri, wa nguvu, kama halijafanya kitu. Lilikuwa limepoa. Kumbe likishika joto hukata, likipoa husamehe, na nje hakuna dalili hata moja. Tulilizunguka, watu wazima wenye spana mikononi, kama watu wanaotazama jiwe lililoanguka kutoka mbinguni.

Platini haifi hivyo. Platini ikitaka kufa inakohoa kwanza, kama mimi. Mmenisikia nikikohoa tangu masika. Mmepata nafasi ya kuuza debe la mpunga, kumwita padri, kumwita hata huyu Mhehe. Injini ikikohoa unapata nafasi ya kuipeleka ukutani, uweke jiwe nyuma ya gurudumu, uitukane kwa raha zako. Nilipokuwa nikipeleka mapipa ya mafuta Zambia, kabla hawajatia lami, barabara ikiwa tope mpaka kwenye ekseli, platini ilinikoholea mlima Kitonga, na pale pale nikaisugua kwa msasa, nikaipima nafasi yake kwa karatasi ya pakiti ya sigara, nikaendelea. Nililala Tunduma, nililala Kapiri Mposhi, na pale Ndola niliwaambia watu kuwa mimi ni chifu wa Usukuma wakanipa kiti cha mbele. Mama yenu aliposikia akaniuliza, chifu gani anayeazima soksi? Lakini nilirudi. Kila mara nilirudi, na mara zote si kwa sababu ya akili, akili mnajua zangu. Ni kwa sababu kilichonibeba kilinionya.

Nipe maji, binti yangu Mbuke. Kidogo. Basi.

Nawajua mnavyogombana. Mlidhani nimelala, ugonjwa huu umechukua miguu, masikio umeniachia. Seni anasema, "Unataka nipande na kiberiti cha babu!" Mbuke anajibu, "Na wewe unataka upande na jeneza lenye waya." Seni anasema, "Fundi gani anaogopa moto?" Mbuke akamwambia, "Fundi aliyemzoa Sedekia bondeni, kaka." Kisha mama yenu: "Nyamazeni, baba yenu anasikia." Na tangu siku hiyo mnapishana mlangoni kama wapangaji. Hilo nalo naliogopa. Msinizike mkiwa hivyo.

Basi gawio langu ni hili. Nyumba hii ni ya mama yenu, mpaka atakapochoka nayo, na asije mtu na maneno ya ukoo kumwondoa. Ng'ombe walioko Madibira kwa mdogo wangu Faustin mtagawana sawasawa, Mbuke apate kama Seni, na atakayeguna kuwa mtoto wa kike harithi ng'ombe mwambieni akagunie kaburini kwangu, nitamjibu. Faustin mwenyewe hatujasemezana tangu makundi yake yalipoingia kwenye mpunga wa Wasangu akaniachia mimi niende kuomba radhi. Mwambieni nimesamehe, ila afunge zizi. Jeki iliyoko uvunguni ni ya Kalinga. Sikuirudisha kwa makusudi, ili awe na sababu ya kuja kunitukana. Mrudishieni. Punda ni wa Seni. Spana zote, na msasa, na kile kikopo cha platini, ni vya Mbuke. Nimefanya hivyo nikijua: mmoja hana safari bila mwenzake.

Na boksi. Seni, usiinamishe kichwa, sikusemi mbele za watu kukuaibisha. Sikuambii ulitupe, mtamba ni mtamba. Litumie kule Usangu, kwenye mbuga ya Madibira, mpunga ukishavunwa na nchi ikiwa kavu na sawa kama meza. Huko likikata unashuka, unapigwa na jua, unachekwa na wachunga ng'ombe, unarudi nyumbani. Lakini mlima wa Ipogolo uupande na platini. Utashindwa pengine. Shindwa, mwanangu. Mimi nimeshindwa mara nyingi na tazama jinsi nilivyonenepa, kabla ya haya. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilikuwa nimepanga hila, nawaambia sasa. Utani wa Wahehe na sisi Wasukuma wa kule juu, wengine wanasema ni wa tangu vita vya mababu, wengine wanasema tumeuzua mimi na Kalinga gereji kwake pale Ipogolo. Vyovyote, ni mtani wangu, na mnajua mtani msibani ana ruhusa gani. Ninyi mnalia, yeye anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, analala kaburini hatoki mpaka apewe kitu. Na akinyakua mali ya marehemu hapokonywi, mali hiyo hukombolewa. Nikamwambia, mtani, siku ya maziko yangu linyakue boksi kwenye injini, ukae nalo, Seni asilikomboe mpaka Ipogolo ipite, akuletee jogoo mmoja. Akakubali. Akauliza kama jogoo awe na mkia.

Lakini nimelala nikafikiri. Mtu aliyechelewa kila mahali maisha yake yote anaweza kuchelewa na hapa. Jumamosi ikifika mimi ningali napumua, nani atanyakua? Tena mali ikinyakuliwa kwa nguvu, mwenye nayo hubaki na hasira, na hasira itakutoa kitandani Ijumaa, Seni, ukalifuate. Kwa hiyo hila nimeiacha. Asubuhi nimemwamuru Mbuke alifungue. Usimgombeze, alikuwa akilia. Liko hapa chini ya mto, nimelilalia. Njoo ulichukue... Wewe, si Kalinga. Ulishike, uvuke chumba hiki, umpe mtani kwa mkono wako mwenyewe.

Anasemaje huyu? Mmesikia? Eti, "Nikilipata nalifunga kwenye chombo cha Lea wangu, tuone Msukuma atapita wapi." Mtani... hapana. Hilo usilitanie. Lea namjua tangu anabebwa mgongoni, na atakuwa kwenye ile ile kona. Nimeogopea wangu wawili, usiniongezee wa tatu, sina kifua cha kutosha. Apa. Vua kofia uape kwa jina la binti yako kwamba boksi hili halitawaka katika chombo chochote kinachopanda mlima... Asante. Miaka yote sijamwona Kalinga akiapa bila kucheka.

Haya, Seni. Mbona umesimama? Najua lina uzito. Ni mtamba ule, ni ushindi ule, ni watu wa Ilomba waliokwisha kukuita bingwa. Najua. Lakini ngoma ikivuma sana... mnajua mwisho wake, sina pumzi ya kumalizia. Sina tena njia ya kukuzuia, mwanangu. Nikishaondoka nitakuwa picha ukutani, na picha haishiki mtu mkono. Nakuomba. Baba yako hajawahi kukuomba kitu, amekuwa akikutania tu, na pengine hilo lilikuwa kosa la malezi, muulize mama yako.

Msiweke turubai kubwa siku hiyo. Padri asinisifu sana, wanaonijua watacheka. Nizikeni asubuhi, ili waliotoka Madibira wapate kurudi na mwanga. Msiahirishe mashindano kwa ajili yangu. Nendeni wote wawili, Mbuke apande nyuma ya lori na spana zake, akae penye ile kona, awe na jiwe kubwa mkononi... la kuweka nyuma ya gurudumu. Mtu asiseme Ndalahwa alikufa akicheka. Semeni aliogopa. Ninyi mlikuwapo, mmeniona.

Mungu awatazame. Mungu wa baba zangu na Mungu wa mama yenu, kama ni mmoja, kama walivyonifundisha, awape riziki ya halali, awape watoto wasiowaogopesha hivi... akulinde Mbuke, mikono yako isipungukiwe kazi. Akulinde wewe, Seni, kwenda na... kwenda na kurudi. Kurudi hasa. Leokadia, mke wangu, nishike hapa. Kifuani. Hapo.

Umempa? Siwaoni vizuri, mmekuwa vivuli. Seni... umempa? Sema kwa sauti.

Sema tena.