Kiwanja Kilichonyamaza

Kamwene, ndugu zangu. Nimeona midomo yenu ikiitikia, nimefurahi. Nikipaza sauti kupita kiasi mniwie radhi. Mimi mwenyewe siisikii.

Nilizaliwa upande wa Madibira, msichana mrefu kuliko kaka zangu wote. Majirani walimwuliza mama ataniozesha kwa nani. Nilipopelekwa shule ya misheni Iringa, sista mmoja alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akacheka, akanipa mpira. Basi. Tangu siku hiyo urefu wangu ukapata kazi.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini kiwanda kimoja pale mjini kiliniajiri. Kwa jina nilikuwa karani, lakini nawaambia, mshahara ule ulikuwa wa mpira wa kikapu. Tulicheza Mbeya, Morogoro, hadi Dar es Salaam. Nikiruka, nilihisi kama hewa imenishika kwapani, inanichelewesha kurudi chini. Watu waliniita Twiga. Kuna akina mama waliowapa binti zao jina langu.

Kisha nikapata homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka hospitalini, mama alikuwa amekaa kando ya kitanda, midomo yake inacheza. Nikadhani anasali kimoyomoyo.

"Mama, sema kwa sauti," nikamwambia.

Akaanza kulia. Na kilio chake nacho sikukisikia.

Nilirudi kiwanjani mapema mno. Mwamuzi akapiga filimbi, wote wakasimama, mimi nikaendelea kudunda mpira hadi chini ya kapu. Nikafunga, nikageuka ninatabasamu. Ndugu zangu, niliona uwanja mzima meno matupu. Walikuwa wananicheka. Kesho yake nikafunga mizigo, nikarudi Madibira.

Huko nilijifungia ndani. Ng'ombe walipita, maji yaliingia kwenye majaruba ya mpunga, mvua ilinyesha, na vyote vilikuwa kama vinatokea kwenye ndoto ya mtu mwingine. Mama alipoweka chakula, sikuinua hata uso. Nilitaka kulala tu.

Mpaka asubuhi moja sakafu ikatetemeka chini ya mgongo wangu. Ikatulia, ikatetemeka tena. Nikafumbua macho. Mlangoni alisimama kapteni wa timu yetu, vumbi la lori bado limemjaa kwenye nywele, anadunda mpira ndani ya nyumba ya mama yangu!

"Umefuata nini huku?" nikamwuliza.

Akanijibu polepole, nisome midomo yake: "Wewe."

"Mimi sisikii tena."

"Najua. Lakini umeamka."

Nikalia hadi nikaishiwa machozi. Yeye akakaa chini, akala ugali na mama, akasubiri. Lori lilipogeuza kurudi Iringa, tulipanda wote wawili.

Kocha hakunitaka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wenzangu walimwambia, "Bila huyu, hata sisi hatuchezi." Wakajizoeza jambo moja: filimbi ikilia, wote wainue mikono juu. Mimi nikajifunza kutazama mabega, kivuli, vumbi linaloruka. Niliwagonga, nikaanguka, wakaniinua. Ikawa hivyo kwa miezi.

Mechi ya kwanza ilikuwa Mbeya. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukafunika kiwanja, kapu nikawa naliona na kulipoteza. Nilikimbia humo kama mtu anayeelea. Nikaruka, hewa ikanishika vilevile kama zamani. Nilipotua, mikono ya wenzangu ilikuwa juu. Nikasimama palepale. Nilikuwa nimesimama pamoja na wengine! Ndugu zangu, nilicheka peke yangu katikati ya kiwanja.

Siku ile tulifungwa. Nawaambia ukweli, tulifungwa vibaya. Lakini msimu uliofuata tulishinda, na nilicheza hadi magoti yalipokataa. Sasa ninafundisha wasichana, na wananisikiliza kuliko walimu wenye masikio.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyeniwekea chakula hata nilipokuwa sikiangalii. Nawashukuru wenzangu wa timu, na zaidi yule aliyepanda lori.

Nyumbani kwenu huenda yupo mtu aliyejifungia. Msisimame uani mkimwita, mkarudi mkisema hajibu. Ingieni ndani, mketi naye.