Damu Kabla ya Chanjo

Benchi lililo mbele ya duka la mshonaji lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu. Asubuhi hiyo mwenye duka, Pindo, alikaa nao huku fomu ya kliniki ikiwa mapajani na kahawa ikimpoa mkononi. Kliniki ilikuwa inafanya utafiti wa chanjo mpya ya watoto, na binti yake wa miezi kumi alikuwa ameorodheshwa, ila baba mtu asaini kabla ya saa sita. Kilichomkwamisha ni kimoja: kwanza wanataka damu ya mtoto. Chanjo yenyewe bado, damu ya nini? Nesi alimweleza taratibu, naye akaitikia kama mtu aliyeelewa.

Aliwarudishia wenzake maneno hayo kadiri alivyoyashika. Chanjo inabebwa na kirusi cha mafua kilichoondolewa makali. Kazi yake ni kupeleka ujumbe mwilini, basi. Lakini kama mtoto alishaugua mafua ya aina hiyo, huenda kinga yake ikamfukuza mbebaji kabla hajatua mzigo. Damu itaonyesha kama wanajuana.

— Hapo wamekosea, alisema Kufuli, mlinzi wa ghala la jirani. Mimi nikimjua mtu namfungulia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Mimi unanijua, alisema Bahasha, anayepeleka vifurushi kwa pikipiki. Mbona ulinifukuza getini?

— Si uligonga geti langu na pikipiki?

— Hiyo mara ya kwanza. Ya pili nilileta dawa za bosi wako. Hukuuliza nimebeba nini, ulinyanyua rungu.

Pindo aliona kitu kinamfunguka kichwani, akafurahi.

— Kwa hiyo wabadilishe mbebaji.

— Wapo wanaobadilisha, alisema Bahasha. Nasikia wengine wanatumia kirusi cha sokwe. Nani getini anamjua sokwe?

— Mtoto akianza kupanda pazia, alisema Kufuli, usije kugonga kwangu.

Muuza kahawa, ambaye kwa siku husikiliza vijiwe vitatu na kuvichanganya, alikuwa na lake. Mtoto huzaliwa na walinzi wa kuazima kwa mama. Hao wakisharudi kwao, na yeye hajaajiri wake, pana mwanya. Basi hapo katikati azibwe pua, asikutane na mafua ya mtu mpaka chanjo iingie. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kufuli alitaka kujua mtoto atapumulia wapi. Masikioni, alijibiwa.

Walikuwa bado kwenye masikio alipofika kutoka kliniki shemeji yake Pindo, mdogo wa mkewe, mtoto mgongoni. Mama mtu yuko zamu kiwandani, na simu zao huachwa mlangoni.

— Shemeji, nesi anauliza: mtoto ameshaugua mafua mara ngapi tangu azaliwe?

Pindo alimtazama Kufuli. Kufuli, baba wa wanne, aliangalia ndani ya kikombe. Bahasha alianza kufuta kofia yake ya pikipiki.

— Andika mengi, alisema Kufuli.

— Anataka idadi. Na miezi.

Aibu ilimshika Pindo. Vipimo vya viuno vya nusu ya mtaa anavijua bila kufungua daftari. Alisaini fomu juu ya goti, akasimama, akamfungua mtoto mgongoni mwa shemeji na kumbeba mwenyewe.

— Twende wakaichukue hiyo damu, alisema. Inamjua kuliko mimi.