Cornel Magesa, Aliyeipa Kila Picha Pacha Wake

Marehemu Cornel Edson Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Mhunze, Kishapu, mtoto wa pili wa Mzee Edson Magesa, aliyetangulia mwaka 2016, na Bi. Melania, ambaye tunaye hapa. Mama anasema alizaliwa kimya kabisa, halafu akafidia maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Mhunze kuanzia 1993 hadi 1999, kisha sekondari mjini Shinyanga hadi 2003. Matokeo yake ya kidato cha nne yapo. Familia imekubaliana yasisomwe mbele ya mchungaji.

Mwaka 2004 alikwenda Geita kutafuta dhahabu. Aliteremka kwenye duara, shimo la wachimbaji, siku moja tu, akatoka na kutangaza kwamba kazi ya kukaa chini ya ardhi ataifanya akishakufa. Tunaomba radhi; maneno ni yake. Akanunua kamera, na mwaka 2007 akafungua studio ya video pale Katoro.

Tarehe 29 Agosti 2009 alipiga video ya harusi ya Bernadina, binti wa Mzee Mageni wa Didia. Huko akamwona Asteria, mdogo wake bibi harusi, na moyo wake ukanasa. Ili kumvutia, akataka video itiririke laini kama mechi ya mpira kwenye televisheni. Kamera yake ilipiga picha ishirini na tano kwa sekunde. Yeye kwenye kompyuta akaandika hamsini, akaridhika.

Ukoo wote ulikusanyika Didia kutazama. Mzee Mageni, aliyemsindikiza binti yake kanisani kwa hatua za heshima, akaonekana anakwenda mbio na bibi harusi mkononi, shela inapepea. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka.

"Kijana," Mzee akauliza, "mimi nilikuwa namwoza mwanangu au nafukuza ng'ombe?"

Wiki mbili baadaye Cornel akapeleka barua ya posa. Ilirudi haijafunguliwa. Asteria alimwambia waziwazi: "Baba akisema hapana, mimi sitoroki. Karekebishe."

Akajifungia studio siku nne, akaelewa kosa lake. Akarudi Didia na televisheni begani.

"Shikamoo, Baba Bernadina."

"Marahaba. Umekuja kunikimbiza tena?"

"Hapana, baba. Video ni picha zinazopita moja moja, kama ng'ombe langoni. Nilikuwa na ishirini na tano, nikataka wapite hamsini kwa muda uleule. Badala ya kuongeza ng'ombe, nikawachapa hao hao wakimbie. Sasa kila mmoja nimempa pacha wake, anayefanana naye kabisa. Wanapita hamsini, hakuna anayekimbia."

Mzee akafikiri. "Kwenye mahari usiniletee hao pacha."

Video ikawashwa. Mzee akajiona akitembea taratibu na binti yake toka mlangoni hadi madhabahuni, na hakuna aliyecheka. Bernadina akaitikia kwa kichwa, mama yake akajifuta macho kwa khanga. Ilipokwisha, Mzee akauliza: "Ile barua yako ilikuwa inasemaje?"

Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 2010, wakajaliwa Donatus, Hosiana na Vumilia.

Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Geita, baadaye Kolandoto. Hata kitandani hakuacha kazi. Muuguzi mmoja alikuwa anarekodi wenzake kwa simu, taa za wodini zikawa zinacheza kwenye picha. "Dada, upo picha thelathini kwa sekunde," Cornel akamwambia, mpira wa dripu mkononi. "Shuka ishirini na tano, taa zitatulia." Zikatulia. Siku iliyofuata wauguzi watatu walileta simu zao.

Alifariki tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Jana, orodha ya wafiwa iliposomwa nyumbani, Mzee Mageni alisikia ameandikwa "baba mkwe", akanyoosha fimbo.

"Futeni hapo. Edson hayupo. Nani atasimama upande wa baba?"

Tumefuta. Marehemu ameacha mke, Asteria; watoto watatu; mama yake, Bi. Melania, na baba yake, Mzee Mageni.

Mwenyezi Mungu ampokee Cornel wetu, ampe pumziko lenye amani. Amina.