Skrubu Nne za Shemeji

Usikunje pua kabla hujasikia. Wewe unayesema chuma hakiwezi kupindishwa na joto la kijibalbu, umewahi kumwagiwa kahawa ya moto na mtu aliyevaa miwani mpya? Hujawahi. Basi funga mdomo ufungue masikio. Benchi lenyewe liko kwenye baraza ya duka la miwani, mguu mmoja umewekewa tofali. Anayeuza kahawa hapo ni Bibi Birika, na wenyeji wa benchi ni watatu: Fundi Miwani, mwenye duka, Nati, mchomeleaji, ambaye dada yake ameolewa na Fundi, na Kamusi, mwalimu mstaafu asiyewahi kukutana na swali asilolijua. Asubuhi hiyo Bibi alimmiminia Kamusi kahawa. Yote ikaenda gotini.

— Aaah! Bibi! Unanichemsha mzima mzima!

— Umesogeza kikombe.

— Kikombe nimekishika hapa!

— Basi umesogeza mkono.

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Vikombe vikarudi viwili viwili, kama mapacha walionuniana. Jumapili mwanawe alikuwa anakuja. Alishamwambia kwenye simu: mama, ukikosa kikombe mbele ya macho yangu, birika unaliacha, unakuja kukaa kwangu. Kwake ni kitanda kando ya friji, na mkwe anayezima redio ya watu bila kuuliza. Bibi alikwisha kulala pale mara moja. Mara moja ilimtosha.

— Fundi, na hii miwani ya pili nayo imekataa.

— Macho yako hayana neno, Bibi. Mashine ndiyo inayopotoka.

Mashine yenyewe ni kidude cha kusomea nguvu ya lenzi, kimo chake hakizidi chupa ya chai, balbu iko ndani na tundu la kuchungulia liko juu. Kilikuwa mezani, mlango wa duka ukiwa wazi, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na balbu inawaka chini ya kitambaa.

— Balbu ikiwaka, — Fundi akaeleza, — mwili wa mashine unapata joto, unatanuka. Ungetanuka kwa usawa, hakuna shida. Huu unapinda. Unene wa unywele tu, lakini mwanga unapoteza njia, na mimi nasoma namba ya uongo.

— Unajua ni ya uongo?

— Najua.

— Na ukanipimia nayo mara mbili?

— Mara ya pili nilikuwa na matumaini.

Bibi akatafuta la kumjibu, akaona yote aliyonayo ni ya kupigia mtu.

— Dawa ni barafu, — Kamusi akasema, akipepea goti. — Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi nayo itiwe maji.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Kwa upande wa maji, Bibi. Sikiliza vizuri.

— Feni si niliifunga mimi? — Nati akadakia. — Ilisaidia, haikusaidia?

— Ilipuliza kushoto, shemeji. Kushoto kukapoa, kulia kukabaki moto. Ikazidi kupinda.

— Ipakwe rangi nyeupe, — Kamusi akasema. — Nyeupe hufukuza joto.

— Joto liko ndani, Mwalimu. Utaipaka tumboni?

— Basi izikwe! — Nati akasimama. — Chini kuna baridi. Tunachimba shimo hapo dukani, mashine inakaa chini, Fundi analala kifudifudi anachungulia.

— Na mimi mteja? — Bibi akauliza.

— Wewe unasimama tu pembeni.

— Kama kwenye maziko yangu.

— Mnahangaika bure, — Kamusi akasema, sasa amelisahau goti. — Mashine haijapinda. Mwanga ndio unaochoka. Na kama si mwanga, ni Fundi. Anashinda na ile balbu usoni, kichwa chake chenyewe kimetanuka upande mmoja. Samaki mkunje angali mbichi! Huyu ameshakauka, hanyooki.

— Hivi kati yenu hakuna hata mmoja wa kuniambia nifanye nini na Jumapili? — Bibi akafoka. — Na lile blanketi je? Mashine inaungua, mmeivika sweta!

— Hicho kitambaa dada yangu amekifuma kwa mkono wake, — Nati akasema kwa uchungu.

— Cha kuzuia vumbi, — Fundi akaongeza haraka, akimtazama shemeji yake.

Muda wote huo kulikuwa na mwanamke amesimama kwenye ngazi na mfuko wa vitunguu, ameleta miwani ya mumewe iliyovunjika mkono. Hakuna aliyemkaribisha. Akachungulia dukani.

— Samahani jamani. Kile kibamba cha chini, mashine ilikuja nacho?

Nati akavimba kifua.

— Hicho ni changu, dada. Ilikuwa inacheza mezani, alumini tupu, nyepesi kama sahani. Nikakata bamba la chuma, nikaikalisha juu yake, skrubu nne, nikakaza mpaka bisibisi ikalia. Hata tetemeko halitaing'oa. Na sikumtoza kitu.

— Hongera. Na kabla hujaikaza, ilikuwa inapotoka?

Fundi akatazama ndani ya kikombe kisicho na kitu. Nati akamtazama Fundi. Kamusi akafungua kinywa kutafuta methali, akakifunga bila methali.

Bibi Birika aliuhesabu ule ukimya. Hakuhitaji miwani kuuona.

— Fundi. Ulijua.

— Alumini hutanuka kuliko chuma, Bibi, — Fundi akasema kwa sauti ya mgonjwa. — Yenyewe inataka kurefuka, bamba halitaki. Imebanwa pembe zote, itakwenda wapi? Inapinda. Dawa yake ni kulegeza tatu, moja ibaki imekaza, ipate pa kuponea.

— Sasa mbona hukusema?

— Ni shemeji. Alikataa hata soda. Alileta watu mtaa mzima waje kuziona skrubu. Ningeanzia wapi?

— Ungeanzia na "shemeji," — Nati akasema taratibu.

Bibi akaliinua birika kutoka kwenye jiko, akavipora vikombe, cha Kamusi kikiwa bado na tone. Akapapasa mfuko wa ovaroli ya Nati, akachomoa bisibisi, akambandika mkononi. Akawasukuma Nati na Fundi dukani kama mbuzi wanaochelewa kuingia zizini. Akakivuta kitambaa, akajifuta nacho jasho, akaizima balbu.

— Ikidondoka je? — Nati akauliza.

— Idondoke. Friji silali nalo mimi. Legeza, ipoe, kisha mniite nipimwe. Na mkimaliza mumhudumie huyu mwenzangu, amesimama kama mlingoti.

Akatoka. Akaufuata mlango kwa mkono, akashika kitasa kisichokuwepo, akatukana kidogo, akashika cha kweli, akaubamiza.