Maisha ya Lonappan Devassy, Aliyeyavua Maumbo Ngozi

Wapendwa mlioacha kazi zenu mkaja kutushika mkono, kaeni vizuri, maana huyu tunayemsindikiza alikuwa haanzi kusimulia mpaka watu wote wamekaa.

Mdogo wetu Lonappan alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1941 hapa Ollur, mtoto wa sita wa Devassy fundi bati na mkewe Eliya, akasoma shule ya parokia mpaka darasa la kumi, na mwaka 1958 akaingia chuo cha ufundi kule Thrissur, akajifunza kuchora, na hasa ile michoro ya kulichukua umbo lililokatwa, piramidi au koni, ukalivua ngozi yake na kuitandaza kwenye karatasi, ili fundi akiikata na kuikunja apate umbo lile lile.

Aliporudi mwaka 1962 alimkuta baba anakata bati kwa jicho, kama kawaida yake, akamwambia, "Baba, tuchore kwanza," na baba akamjibu, "Chora tu mwanangu, lakini bati halijui kusoma."

Mwezi Desemba 1964 mzee Ittoop mwoka mikate alitaka kofia ya moshi juu ya tanuri lake jipya, piramidi ya pande nne, kilele kimekatwa mshazari kikutane na bomba lililolala na paa, na keki za Krismasi zilikuwa zinangoja, na si keki tu, maana Lonappan alikwisha kupeleka mshenga kumposa Rosakutty, binti wa mzee huyo, naye mzee alikuwa amejibu, "Kwanza nione mikono yake inafanya nini, maneno hata kasuku anayo."

Basi akachora, akakata, akakunja, na kofia ikafunga kila upande, nzuri kama ya askofu, lakini ilipoinuliwa juu ya tanuri ikakosa kulifikia bomba, karibu shubiri nzima, na waoka mikate wakacheka mpaka unga ukapeperuka, mmoja akasema, "Bwana harusi, bomba ndilo lishuke?", na mzee Ittoop hakucheka, alisema, "Jumamosi nawasha moto, na mshenga wako nitamjibu siku hiyo hiyo."

Baba alimnong'oneza, "Bandika kipande, nani atajua?" naye akasema, "Moshi utajua," akasimama mbele ya watu wote akakiri kwamba kosa ni lake na si la bati, ingawa kosa lenyewe lilikuwa limejificha bado.

Ndipo Rosakutty akatoka ndani na koleo la mikate, lile la mpini mrefu, akaliegemeza kwenye kona ya tanuri kama mti wa pembeni wa piramidi, pale pande mbili zinapokutana, akasema, "Kaka, ukisimama mlangoni unaliona fupi kwa sababu limelala kwenda mbali nawe, hebu njoo huku ubavuni," na Lonappan akazunguka, akaliona refu kama lilivyo, akajipiga kofi kwenye paji la uso, maana alikuwa amepima miti ya pembeni jinsi inavyoonekana mbele, wala si urefu wake wa kweli.

Bati lilikuwa limekwisha, akang'oa bati la paa la banda la bata, mama akalia, "Bata wangu watalala wapi?" naye akasema, "Mama, bata na mvua ni ndugu," akachora upya, na Jumamosi moto ukawashwa, moshi ukapanda wote bila kugeuka nyuma, mzee Ittoop akautazama weee, halafu akasema, "Mwiteni mshenga aje ale keki."

Kwa kuwa Majilio hayana harusi, wakafunga ndoa Jumatatu tarehe 11 Januari 1965, Mungu akawapa Davis, Lissy na Jose, na wajukuu saba.

Tangu mwaka 1966 mpaka alipostaafu mwaka 1996 alifundisha kuchora katika chuo kile kile, na baada ya hapo barazani kwake, bure, na vijana waliokwisha kufeli mara tatu walitoka pale wamefaulu, na mapiramidi yao ya karatasi, yaliyogandishwa kwa uji wa mchele, akayaunganisha kuwa nyota za Krismasi za mtaa mzima.

Mwezi Julai 2019 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akawachekesha wauguzi, na Jumanne tarehe 8 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka usingizini akiwa na miaka sabini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, wanafunzi waliolibeba jeneza, na majirani mliotupikia uji na mihogo siku zote hizi.

Asubuhi ya leo Rosakutty ametutuma tuseme jambo ambalo hakuwahi kumwambia mumewe kwa miaka hamsini na minne, asije akavimba kichwa, kwamba kabla bati lolote halijakatwa alikuwa amekwisha kumwambia mama yake, "Ni huyu huyu, mama, hata akinitengenezea ndoo inayovuja."

Umesikia, Lonappan, sasa pumzika, na amani ya Bwana iwe mkeka wako.