Usawa wa Kifua cha Baba

Ndugu, jamaa na majirani, nasimama mimi, binti yake wa kwanza, kuwasomea safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Miti, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa sita na mfupi kuliko wote, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, sekondari hadi 1969, akapata cheti cha misitu mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaajiriwa na halmashauri yetu kutunza bustani. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo, anayemzidi kimo kwa kichwa kizima, wakajaliwa watoto watatu, na baba alizoea kusema kwamba urefu na ubishi tumeuchukua kwa mama, kwake tumeambulia masikio tu.

Mwaka 1984 ilipopitishwa sheria ndogo ya kulinda miti ya makazi, baba alikabidhiwa daftari, futikamba na nyundo, akapita ua kwa ua, na kila mti ambao mzunguko wa shina lake, ukipimwa usawa wa kifua, ulifika mita moja, aliupigilia kibati cha namba, na tangu hapo hata mwenye kiwanja hakuruhusiwa kuukata bila kibali. Wapo waliomfungulia mbwa, na baadaye wakaweka viti vyao kwenye kivuli kilekile. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2011, akiwa ameandikisha miti mia sita na kumi na minne.

Mwaka 2022 mjenzi mmoja alitaka kufyeka mtaa wetu, akaja na mpimaji mrefu kama mlingoti, na miti thelathini na mmoja ikaonekana haifiki mita. Baba alituambia kilichotokea: sheria ilitaja kifua bila kusema cha nani, naye miaka yote alipimia kifua chake mwenyewe, chini, ambako shina ni nene. Tulimsihi anyamaze, funika kombe mwanaharamu apite, akakataa katakata, na tarehe 17 Oktoba 2022 akasimama mbele ya madiwani, akakiri, akaomba kosa liandikwe kwa jina lake, ila miti isihukumiwe kwa ufupi wake. Siku ile tulimkasirikia, na leo tunaona haya.

Januari 2023 alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila tulipoingia wodini aliuliza habari za uamuzi wa madiwani kabla ya kutusalimu. Alituacha Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama, bado anasubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliobeba jeneza. Shukrani za mwisho ni kwa madiwani, ambao barua yao imefika jana, siku mbili baada ya baba kutuacha, nasi tunamsomea hapa mbele ya watu: baba, miti yote thelathini na mmoja inabaki, haukatwi hata mmoja. Usisubiri tena, baba yetu, pumzika kwa amani.